Mchicha Ulioachwa Uchanue

Ukitaka kumuudhi Bibi Reki, mwambie mchicha hauhitaji ujuzi. Alishona nguo za watu miaka thelathini, macho yakachoka, akaiacha cherehani akashika reki. Kila Jumamosi asubuhi yeye ndiye aliyefungua lango la bustani ya mtaa, nyuma ya zahanati, kuwafundisha kilimo wanafunzi wa shule ya jirani. Hakulipwa na hakudai malipo. Fundi bomba mstaafu, mwenzake wa kujitolea, alimtania kuwa wajukuu wake wamezidi miche.

Bustani ile iliasisiwa na binti yake, muuguzi wa hapo zahanati. Miaka mitatu iliyopita binti aliugua siku nne tu, akafa. Aliacha chupa ya dawa iliyojaa mbegu za mchicha wa majani mekundu, ambao hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nao. Kila msimu Bibi alipanda mbegu chache, akauacha mmea mmoja uchanue na kukauka, akaupukuchua, akaijaza tena chupa. Kazi hiyo aliifanya peke yake, wanafunzi wakishaondoka. Mengine yote aliwafundisha, ila hilo la mbegu alilibania. Lilikuwa lake na mwanawe, basi.

Mwaka huu paa lilivuja, chupa ikaingia maji, mbegu zikaota ukungu. Alizipanda zote, nzima na mbovu, ukaota mche mmoja. Akauhamishia mwisho wa tuta, akaulea kama yai, mpaka ukampita kiuno na kutoa mashada ya maua. Zilibaki wiki tatu mbegu zikomae. Hakuufunga hata kitambaa cha alama, maana hakutaka kuulizwa.

Hapo ndipo goti likavimba, akalala nyumbani Jumamosi mbili. Ya tatu alifika na fimbo, taratibu, akakuta bustani imefagiliwa ikapendeza, na wanafunzi wamejipanga langoni wakimsubiri.

"Tumekusafishia, Bibi," alisema msichana mrefu, kiongozi wa zamu. "Kila kilichochanua tumeng'oa, tukakikatakata, tukakitia kwenye mboji. Si ulisema mboga ikishachanua inakula mbolea bure?"

Kweli Bibi alisema hivyo, tena mara nyingi na kwa mbwembwe. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Bibi alikwenda kwenye lundo la mboji, akapiga goti lile lile bovu, akafukua kwa mikono. Vipande vyekundu alivipata, vimeshaanza kuoza. Aliyasugua mashada kiganjani na kupuliza makapi. Zilibaki punje chache, nyeupe na laini, zisizoweza kuota popote. Fundi bomba alikuja kumwinua, akamwona uso, akarudi nyuma.

"Tumekosea, Bibi?" msichana akauliza, sauti imemshuka.

"Hapana. Mmefanya nilivyowafundisha."

Alitaka kumgombeza mtu, akakosa wa kumgombeza. Moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi, maana siku ile alirudi nyumbani akaikuta chupa kabatini.

Akajifuta mikono kwenye gauni, akawaita wote kwenye tuta la mchicha wa kawaida, ule wa kijani. Akauchagua mmea wenye shina nene.

"Huu hatuung'oi," alisema. "Tunauacha uchanue, mpaka ukiusugua mkononi zidondoke punje nyeusi, ngumu. Mkiona nyeupe, ngojeni. Mnapukuchua juani, mnaanika, mnahifadhi pakavu. Na msiweke zote mahali pamoja. Kila mmoja aende na zake kwao."

Waliandika kwenye madaftari. Msichana mrefu aliandika, akasita, akainua kichwa.

"Bibi, mbona hili hukutufundisha mapema?"

Angeweza kusingizia goti, au mvua, au ratiba ya shule. Watoto wangemwamini.

"Nilitaka liwe langu peke yangu," akasema, akaanza kulia mbele yao.