Mfumo Mwepesi wa Kituo cha Radi

Mwanangu, kuna alasiri moja pale Nyakoe ambayo mpaka leo sijaisahau. Keti nikusimulie kabla hujachagua mfumo endeshi wa hizo seva zako. Naona umeshaupenda ule wenye mapambo, na mtu akishapenda hasikii.

Siku hizo damu yangu ilikuwa inachemka. Binti yangu Kemunto alikuwa darasa la nne, anakaa kwa mama yangu kule Nyaramba, nami nikifanya kazi pale Nyakoe, katika kituo kidogo cha radi. Ndiyo, cha radi. Wewe ni mzaliwa wa huku, sina haja ya kukueleza radi ya kwetu. Inaua ng'ombe zizini na watoto uwanjani, na mara nyingi mvua yenyewe haijafika. Tulikuwa na antena vilimani, na kompyuta kuukuu nane tulizoziunganisha kwa nyaya zifanye kazi moja. Ilikuwa risaga hasa. Kama majirani wanavyogawana shamba la mmoja wao walilime kwa siku moja, kila kompyuta ilipiga hesabu ya kipande chake cha anga, kisha zote zikakubaliana radi inaelekea wapi. Hapo ujumbe wa simu ulikwenda kwa walimu wakuu: ingizeni watoto madarasani.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Nyangau, mhandisi wa stima aliyestaafu, Msabato asiyepaza sauti. Mwenzangu wa kazi alikuwa Ochieng, kijana kutoka upande wa ziwani, mcheshi, na mbishi kama mimi. Siku ya kuchagua mfumo tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye alitaka mfumo mwepesi kabisa: hauna picha, hauna madoido, ni maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi. Unakaa kwenye flashi. Ukiwasha kompyuta unaingia wote kwenye kumbukumbu na kazi inaanza. Mimi nilitaka ule mkubwa, wenye ramani za rangi na programu ambazo hata leo sijui zilikuwa za nini. Wageni walikuwa wakitutembelea, nami nilitaka wakiingia tu washangae.

"Madam, hiki ni kituo au ni saluni?" Ochieng aliniuliza.

"Kama hujui kazi, sema," nikamjibu.

Nilikuwa na mdomo, mwanangu, we! Nikashinda. Akaomba kitu kimoja tu, aachiwe ile kompyuta ya pembeni aweke mfumo wake. Nikamwachia kwa dharau, kama unavyompa mtoto kiazi ili anyamaze. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani alikuwa na wakati wa wahenga? Mambo yalienda vizuri, wageni wakaja, wakasifu.

Sasa siku yenyewe. Wingu lilipanda kutoka upande wa ziwa, zito, likapita juu yetu kuelekea Nyamira. Kompyuta zikaanza hesabu. Mimi moyo ulikuwa Nyaramba, maana asubuhi mama alikuwa amenipigia simu kuniambia shule ya Kemunto ina mechi, na mtoto amekataa hata uji kwa furaha. Nikaona kwenye ramani yangu ya rangi vidoti vya radi vikisogea upande ule ule wa Nyaramba. Hesabu ilikuwa haijaisha, ujumbe haujatoka, ngurumo ikapiga juu ya Nyakoe mpaka madirisha yakatetemeka. Mzee Nyangau akainuka, akaenda ukutani, akashusha swichi kuu. Vioo vyote vikawa vyeusi.

"Mzee! Umefanya nini?" Nilimpigia kelele, mimi niliye wa umri wa binti yake.

"Nimezima stima," akasema. "Radi inanguruma."

Si unajua desturi yetu? Ngurumo ikilia, stima inazimwa, redio inachomolewa, na nyanya anafunika kioo cha kujitazamia. Nilijua hayo tangu utotoni. Nikayajua, nikayaita ushamba.

Ochieng alikuwa ameshaunganisha betri ya gari tuliyoiweka kwa ajili ya shida kama hiyo. Nikawasha zangu saba. Kwa kuwa zilizimwa ghafla, kila moja ikaanza kukagua diski yake. Asilimia mbili. Asilimia tatu. Nyingine ikasimama kabisa ikaniuliza swali, nibonyeze ndiyo au hapana, na hata swali lenyewe sikulielewa. Betri ikaelemewa, kifaa chake cha kubadili umeme kikaanza kulia pii, pii. Nikampigia mama simu, haishiki. Nikampigia mwalimu mkuu, hapatikani. Niliogopa, mwanangu, sitakuficha. Niliogopa mpaka nikasahau kuomba.

"Zima zako," Ochieng akaniambia. Safari hii hakuwa anacheka. "Zima zote, zinatumalizia betri."

Nikasita. Haki, mtoto wangu yuko uwanjani, na mimi nasita kwa sababu ya kiburi! Kisha nikazichomoa zote kwa mikono miwili.

Ile yake ya pembeni ilikuwa imeshaamka zamani, nilipokuwa bado nalaani zangu. Iko macho, inasikiliza antena. Lakini ilikuwa moja, na kazi ilikuwa ya nane.

"Haiwezi vipande vyote," Ochieng akasema. "Tuipe kimoja. Kipi?"

"Nyaramba," nikasema kabla hajafunga mdomo.

Mzee Nyangau akanitazama, akaenda dirishani, akalitazama wingu kwa makini. Jicho lake lile lilinichoma kuliko matusi, maana nchi hii ina watoto wengi, na wa kwangu ni mmoja tu. Kisha akageuka. "Nyaramba," akasema. "Ndiko linakokwenda."

Kompyuta ikahesabu polepole, ujumbe ukatoka. Kama umefika, hakuna aliyejua. Tukasubiri. Na wakati tunasubiri, radi ikapiga nguzo ya stima nje ya kituo, soketi zetu zikatema cheche, chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Swichi ingekuwa juu, tungebaki na majivu, na ile ya Ochieng ingeungua pamoja nazo.

Mzee akavuta kiti akaketi mbele yangu. "Nyaboke," akasema, "mimi nimekuwa nikizima stima kila radi ikinguruma tangu nijue stima ni nini. Umekaa nami humu, umeniona. Siku ile ulipochagua mfumo wako, mkono wangu huu uliuweka wapi katika hesabu zako?"

Niliwaweka wageni, nikaiweka sifa yangu. Mkono wa mzee kwenye swichi sikuuweka popote.

Mvua ilipopungua simu ikalia. Alikuwa Kemunto, kwa simu ya bibi yake, analia kwa hasira. "Mama, wametunyang'anya mechi! Tulikuwa tunaongoza, mwalimu akapiga kengele tuingie ndani!" Nikamuuliza, je, radi? "Imepiga goli, imelipasua," akasema. "Lakini Mama, tulikuwa tunaongoza!" Nikaketi sakafuni, nikalia, nikamwacha anilaumu mpaka akachoka.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Mtaka yote hukosa yote. Kila unachoongeza kwenye mfumo kuna wa kukibeba, iwe betri, iwe diski kuukuu, iwe mwenzako wa zamu, na wewe hutauona uzito wake, kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Chagua ule ambao ukizimwa ghafla hauharibiki, na ukiwashwa unaamka bila kukuuliza maswali. Lakini kabla ya hayo nenda ukakae mahali seva zitakapokaa. Uone stima inakatika vipi, nani anaizima, na anaizima kwa nini. Yule mzee unayemwona mshamba, mhesabu yeye kwanza. Na mwenzako akikupinga kwa mzaha, usiusikie mzaha peke yake.

Mungu akupe sikio kabla hajakupa sifa. Akulinde wewe na wote watakaoitegemea kazi yako bila kukujua. Na jioni, watoto wako wakurudie nyumbani wakiwa wamekukasirikia, wazima.