Chikoo la Jasumati

Maji aliyooshea mchele, Jasumati hakuyamwaga ovyo maisha yake yote. Kila adhuhuri aliyabeba kwa sufuria hadi nyuma ya nyumba yake hapa Nyeri mjini, akayamimina polepole kwenye shina la mchikoo, kisha akasimama kidogo kama mtu anayengojea jibu.

Mchikoo ni mti wa joto. Tunda lake, tamu kama sukari guru, watu wengi wa huku hawajalionja. Mche uliletwa kutoka Malindi na marehemu mumewe, Haridas, aliyekuwa na duka la vitambaa. Julai, ukungu uliposhuka kutoka mlimani, Jasumati aliufunika mti kwa magunia. Hata hivyo, kila mwaka maua yalichanua, yakaanguka.

"Mama, hii mti ya pwani unaitesa," alimtania Mutahi, aliyetutunzia bustani sote wawili.

"Na wewe umevaa sweta mbili. Nani anateswa?"

Mimi niliishi ng'ambo ya ua, peke yangu pia, na jioni nilivuka kunywa chai yake ya tangawizi. Kwa hiyo nililijua lililomsumbua. Kila Jumapili mwanawe Alpesh alipiga simu kutoka Uingereza: nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, jamaa wote wamehama, aje akae nao. Hakukataa. Alimwambia, "Nikishakula chikoo moja ya hapa, nitakuja." Alpesh alicheka, akakubali.

Mwaka jana ua moja halikuanguka. Likafunga tunda, tunda likanenepa.

Chikoo likikomaa halibadiliki rangi. Unakwaruza ganda lake kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, bado, pakiwa kahawia, unaweza kulichuma, ulifukie kwenye mchele mpaka lilainike. Jasumati alikwaruza, wiki baada ya wiki, akaniambia, "Bado."

Siku moja nilikuwa nimesimama karibu naye. Alikwaruza, nami nikaona kahawia tupu, bila hata dalili ya kijani.

"Bado," alisema, akafuta kidole kwenye sari.

Niliomba tu lisianguke.

Mutahi hakujua hayo. Yeye alilelewa kwenye maparachichi, ambayo huchumwa yangali magumu yakaivia ndani ya nyumba, na aliwaona ndege wakilizunguka tunda lile. Akalichuma kimyakimya, akalifukia kwenye mchele kwake, na siku moja jioni akalileta kwenye sahani likiwa limekatwa vipande, anatabasamu kama bwana harusi.

"Mama, kula! Hiyo ndege zilikuwa zimalize."

Jasumati aliitazama sahani kwa muda mrefu. "Asante, Mutahi," alisema. "Umefanya vizuri." Akatugawia, naye akala kipande chake polepole hadi mwisho. Lilikuwa tamu sana.

Jumapili Alpesh aliuliza, kama kawaida, ikiwa limeiva. Mama yake akasema ndiyo.

Alikuja mwenyewe kumchukua. Gari lilipokuwa tayari langoni, Jasumati aliteremsha kioo, akanishika mkono kwa vidole vyake baridi.

"Siku moja ndugu zako watakuita pia," aliniambia. "Panda kitu inachelewa kuzaa, Wakonyo."