Bao Moja Ugenini

Jana nilipita kwa fundi wa baiskeli pale Kondele, na harufu ya grisi na mpira ikanirudisha utotoni, kwenye ukumbi wa nchi ya mbali tulikoenda kucheza mashindano ya kimataifa ya vijana ya hoki ya magurudumu.

Sisi tulikuwa tumejifunza kwenye lami yenye mashimo, na viatu vyangu vya magurudumu Mama alivichagua kwenye mitumba ya soko la Kibuye, alikouza nguo. Kule sakafu ilikuwa ya mbao, inateleza kama sabuni. Tulianguka tangu mwanzo. Wapinzani walitupita tukiwa tumelala chini, na mabao yakaingia mpaka nikaacha kutazama ubao wa matokeo.

Wakati wa mapumziko nililia. Nikamwambia kocha sirudi uwanjani.

"Wewe uko na miguu ya lami," akasema, akinifunga kamba za viatu upya. "Wachana na kuteleza kama wao. Kimbia tu."

Nikakimbia kweli, magurudumu yakigonga mbao kwa kishindo. Mpira ukanikuta mbele ya goli. Nikaupiga, ukaingia, na ule ukumbi wa wageni ukasimama kutupigia makofi.

Baada ya mechi Mama alipiga simu kutoka sokoni. "Mmeshinda?"

"Hapana, Mama. Tumefungwa mengi. Lakini mimi nimefunga moja."

Kisha nikamsikia akiwageukia wauzaji wenzake: "Msichana wangu amefunga bao." Vigelegele vya wanawake wa Kibuye vikajaa sikioni mwangu, virefu, hadi simu ikakatika.