Unga Usio na Harufu

Kwetu Kadutu hakuna anayenunua unga wa muhogo kwa macho. Macho ni ya kununulia kitambaa. Unga unanunuliwa kwa pua: unachota kidogo kwenye kiganja, unainamisha kichwa, unavuta pumzi, na pua ikiwa na shaka unaweka chembe mbili juu ya ulimi. Ukimwona mama ameinamia beseni namna hiyo, macho ameyafumba, utadhani anasali. Mke wangu alikuwa askofu wa kazi hiyo. Aliweza kusimama mwanzo wa soko akakwambia muhogo wa beseni la mwisho ulilala majini siku ngapi, na maji yenyewe ni ya mto gani. Naongeza chumvi, lakini si nyingi.

Kwa asiyejua, muhogo mchungu una sumu. Unalowekwa siku tatu, nne, mpaka ulainike na kuchacha, ndipo unaanikwa na kusagwa. Ile harufu yake kali, ambayo wageni wanaikunjia uso, ndiyo ushahidi kwamba sumu imetoka. Kila mtoto wa Kivu anajua hivyo. Mimi pia nilijua, na ndiyo sababu naona haya kusimulia.

Mwaka ule wa ugonjwa, mji ulipofungwa, shule ya msingi nilikokuwa naandika barua za mkurugenzi ilifungwa, na mshahara ukafungwa nayo. Tulikuwa watatu nyumbani: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Tukaanza kuishi kwa akili. Majani ya chai tuliyachemsha mara nne, mpaka chai ikawa maji yanayokumbuka chai. Makala, yaani makaa, yaliyobaki jikoni baada ya kupika tuliyanyunyizia maji, tukayaanika, tukayawasha tena kesho yake. Nadhani kipande kimoja kilipikia juma zima. Sabuni tulinunua ile ya kukata, isiyo na rangi wala manukato. Tulikula mara moja tu, saa tisa alasiri, ili chakula kimoja kiwe cha mchana na cha usiku kwa pamoja. Unga ndio haukuwa na ujanja wowote. Bugali ni bugali, na malori kutoka vijijini yalikuwa yakija kwa kuhesabika, kwa hiyo kila siku kopo la unga lilipanda bei na kushuka kimo.

Siku unga wetu ulipofikia kiganja kimoja, mke wangu alikuwa na mafua. Kichwa kinamuuma, pua imeziba, anakohoa. Kukohoa sokoni wakati ule ilikuwa kama kutupa nyoka katikati ya watu. Usiku wote sikulala, nikisikiliza kama kile kikohozi ni cha mafua au ni cha kile kingine. Asubuhi nikamwambia abaki, nitaenda mimi.

Alinitazama kwa mashaka. Akaniagiza niende kwa kliya wetu tu, nisiende kwa mwingine, na kabla ya kutoa pesa ninuse. Kliya, kwetu, ni muuzaji wako wa siku zote. Naye pia anakuita kliya. Ni kama ndoa bila padri. Yeye anakuwekea unga mzuri chini ya meza na kukuongezea ngumi moja ya matabishi, nyongeza ya bure, wewe huendi kwa jirani yake hata kama jirani anagawa bure.

Nikafika sokoni nimefunga kashene, barakoa yangu, niliyoshonewa kwa kitambaa cha pazia, nene kama godoro. Aliyekutwa bila kashene alirudishwa nyumbani. Wauzaji walikuwa wamevuta kamba mbele ya meza, na wengine wakikataza kabisa watu kugusa unga. Foleni ya watu ilitoka Kadutu, ikapinda, kidogo tu ifike Kamituga, mwendo wa siku nzima kwa lori.

Kliya wetu, mama mnene mwenye sauti ya kengele ya misa ya kwanza, alikuwa na beseni moja tu. Unga wake ulikuwa na rangi ya jivu, na bei yake ilinifanya nishike ukuta.

"Kliya," akaniambia, "shusha kashene kidogo, unuse. Hii iko ya siku ine mu maji."

Hapo diploma yangu ikainuka. Niliipata shule ya jioni nikiwa na miaka thelathini na sita na mvi mbili, na toka siku ile hakuna jambo chini ya jua nililoshindwa kulieleza. Nikamweleza kliya habari ya vijidudu, jinsi vinavyoelea juu ya unga, jinsi pua ilivyo mlango wazi. Watu wa nyuma yangu walisikiliza kwa heshima. Yeye alinisubiri nimalize, akasema polepole kwamba unga hauendi shule. Nikacheka, nikaaga, nikasema nitarudi.

Sikurudi. Mwisho wa safu kulikuwa na mwanaume nisiyemjua, na magunia mawili. Unga wake ulikuwa mweupe, mweupe hata ukakufanya ujisikie mchafu. Bei yake ilikuwa nafuu sana. Hakuruhusu mtu kugusa, nami nikaona huyu ndiye msomi mwenzangu. Nikanunua makopo kumi, nimejikunja nyuma ya mwavuli wa mama mmoja ili kliya asinione. Kashene ilinisaidia kujificha. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyonifanyia siku ile.

Nyumbani nikavua kashene, nikamimina unga kwenye beseni, nikainama kunusa ili nimsifie mke wangu ununuzi wangu. Hakuna kitu. Nikavuta pumzi tena mpaka unga ukaniingia puani. Hakuna harufu, hata ya mbali.

Mtu mwingine angesema: unga huu una kasoro. Mimi nilisema: pua yangu imekufa. Redio ilikuwa imetufundisha kila siku kwamba ugonjwa ule unaanza kwa kuiba harufu. Nikakimbilia sabuni, nikainusa. Sabuni ile isiyo na manukato, ambayo hata mbwa asingeijua, nayo ikanyamaza. Nikamwambia mke wangu kwa mbali asinisogelee, nikajifungia katika kachumba ka makala. Kupitia mlangoni nikamwagiza aniwekee sahani chini na aondoke. Yeye akaanza kulia na kukohoa, na kila alipokohoa niliona tumekwisha wote wawili, na mtoto atabaki na nani.

Saa tisa sahani ikaja: bugali na mboga ya lengalenga. Nikaonja tonge moja. Ikawa chungu, uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Nikasema moyoni, tazama, na ulimi umekwenda. Nikaiacha sahani, nikalala chali kati ya magunia matupu, nikaanza kujipangia mazishi, watu wachache kama serikali ilivyoagiza.

Upande wa pili wa mlango nilimsikia binti yangu.

"Maman, bugali iko chungu."

Mama yake, ambaye hakuwa anahisi ladha yoyote siku hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa amemeza kidogo tu kwa ajili ya huzuni, akamwambia ale, wakati huu si wa kuchagua chakula. Mtoto akala. Alikuwa na njaa toka jana saa tisa. Alimaliza.

Nililisikia neno lile. Mtoto hakuwa na mafua, hakuwa na kikohozi. Ulimi wake ulikuwa mzima. Nilipaswa kuinuka wakati ule. Badala yake nilifikiri: maskini, naye amekwisha kupata. Ndivyo elimu yangu ilivyofanya kazi.

Haikupita hata saa moja. Nikamsikia akisema kichwa kinazunguka, halafu akatapika. Mama yake akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Nikatoka na kukuta mtoto ameegemea ukuta, anajaribu kusimama, na magoti yanakunjika.

Kituo cha afya kilikuwa juu, nyuma ya soko. Tulikiogopa. Uwanjani walikuwa wamefunga hema ambamo kila mwenye homa au kikohozi aliwekwa kungoja, na mtaani walisema anayeingia mule haonekani tena. Nilisita. Ndiyo, nilisimama mlangoni na mtoto mikononi, nikisita. Mke wangu akanisukuma mgongoni, tukaanza kupanda kile kijia kilichosimama kama ngazi ya mbinguni.

Kliya alikuwa anashuka, beseni lake tupu kichwani. Nilitamani ardhi inimeze na kashene yangu. Akasimama katikati ya njia.

"Mutoto alikula nini?"

Nikasema ni korona, asogee, nimeishiwa na harufu toka mchana. Hakusogea. Akashusha kashene yake mwenyewe, akanusa matapishi kwenye shati langu, na mimi, kashene imeteleza kidevuni kwa kuhema, nikanusa pia: jasho langu, mafuta ya mawese, moshi wa makala. Nilinusa vyote. Pua yangu ilikuwa hai.

"Papa, unga mulinunua kwa nani?"

Mke wangu alinigeukia. Hakuwa amejua. Nilikuwa nimemwambia umetoka kwa kliya.

"Kwa yule wa mwisho," nikasema. "Mweupe. Sikuunusa."

Kliya hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alilaza beseni chini, akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitenge chake, akatutangulia kupanda, akipiga kelele watu watoke njiani. Langoni mwa kituo, muuguzi alipoanza kutuelekeza kwenye hema, yeye ndiye aliyesema kwa ile kengele yake ya misa kwamba huyu si wa hema, huyu amekula muhogo ambao haukulowekwa, na baba yake yuko hapa ataeleza. Nikaeleza. Mara hii kwa maneno machache. Muuguzi akaacha kuuliza habari za kikohozi, wakamlaza mtoto ndani, wakamtundikia serumu, chupa ya maji ya mshipani.

Nilikaa chini ya dirisha. Nilisali sala zote ninazozijua, na zilipokwisha nikaanza tena kwa Kimashi, lugha ya mama yangu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama mtoto aliposema ana kiu. Baadaye akauliza kama kuna ndizi.

Mke wangu aliumwaga ule unga shimoni, makopo yote yaliyobaki, na kuufukia, nami nikasimama kando nikitazama chakula cha majuma mawili kikiingia ardhini. Sikuthubutu kusema neno la uchumi. Mafua yake yalipona baada ya siku tano, yalikuwa mafua.

Siku moja baada ya unga kufukiwa nilienda kwa kliya. Alinifanya nishushe kashene mbele ya foleni nzima, ninuse, niweke chembe ulimini, niseme kwa sauti ni siku ngapi majini. Nikasema tatu. Akasema ine, na foleni ikacheka. Alinipimia, akaongeza ngumi ya matabishi, halafu ngumi ya pili. "Hii iko ya mutoto," akasema, "haiko yako."

Kwa miezi mingi nilimtazama binti yangu akipanda ngazi, nikihesabu kama goti lolote linakunjika, maana sumu ile huweza kulemaza miguu. Halikukunjika. Ila mpaka leo, bugali ikiwekwa mezani, anainamisha kichwa na kunusa kwanza, kisha ananitazama. Hagusi kitu. Nami najua ninachotakiwa kufanya: nakata tonge langu kabla ya watu wote, natafuna, nameza, na yeye anasubiri aone.