Rimu Zilizotokeza Nje

Miaka ile soko lilipofunguliwa na magari ya mtumba ya Japani yakaanza kumiminika Arusha, mume wangu alinunua moja la spoti, la milango miwili. Nikadhani tumemaliza. Thubutu! Ndiyo kwanza tukaanza kutafuta rimu.

Kila Jumamosi tulikuwa gereji moja mtaa wa Sakina, mimi nimekalia ndoo iliyopinduliwa, yeye na fundi wamechuchumaa wanabishana. Kumbe kwa rimu haitoshi matundu ya nati kulingana tu. Ikizama sana ndani, tairi linagusa springi. Ikitokeza sana nje, linakwaruza madigadi. Yeye alizipenda zinazotokeza. "Gari lazima lisimame kibabe," alisema. Siku alipozipata, fundi alizungusha usukani kulia, kushoto, tairi halikugusa popote. Nikamwambia, "Basi tupakie watu tujaribu. Wiki ijayo tunamrudisha mama."

"Na wewe umekuwa fundi?" Akacheka, na rimu za zamani akaziacha hapohapo. Nikainuka kwenye ndoo, nikaingia garini. Nilikuwa nimechoka.

Mama yangu alikuwa ametoka hospitali, miguu haina nguvu, na alichotaka ni kimoja tu: afike kwake Oldonyo Sambu. Mbele hakukubali kukaa, bega kwa bega na mkwe wake; kwetu si heshima. Tukamkunja kiti cha nyuma, maskini, na mablanketi yake. Kwenye lami tulienda vizuri. Tulipoingia barabara ya vumbi, shimo la kwanza tu, krrr! La pili, harufu ya mpira. Mume wangu akasimamisha gari, akachungulia madigadi, akashika kichwa kama aliyefiwa.

"Mkishuka litanyanyuka kidogo," akasema, bila kumtazama mama.

Jamani! Nilitaka kumtukana, hata nguvu ya kutukana sikuwa nayo. Nikamtoa mama taratibu. Kwake palionekana kabisa, ng'ambo ya korongo, ila kwa miguu ile palikuwa mbali. Alitembea kidogo, akaniegemea begani, akatembea tena. Gari likatufuata nyuma, tupu, likikwepa mawe. Tukisimama, nalo linasimama.

Mama akageuka akalitazama. Nikangoja alalamike, angalau nipate pa kulilia.

"Mwanangu," akasema huku akihema, "tusogee pembeni tumpishe mkwe wangu. Asije akaumiza gari lake."