Bukta Nyekundu za Kimbunga

Fundi cherehani hakupenda ndondi hata chembe. "Watu wasiokosana watwangane ngumi, halafu wakumbatiane? Niondolee balaa, wifi," alimwambia dada wa mumewe kila alipoalikwa. Wifi huyo, muuguzi mwenye sauti ya king'ora, hakukosa pambano hata moja.

Siku bondia aliyeitwa Kimbunga alipoingia dukani kushonewa bukta, mambo yaligeuka. Alikuwa mrefu, mcheshi, na pengo la jino lililozidi kumpendeza. Fundi akamshonea bukta nyekundu yenye mstari mweupe, na Jumamosi akaenda ukumbini "kuiangalia bukta tu." Alirudi sauti imemkauka.

Miaka mitatu Kimbunga hakushindwa. Kufika saa nane mchana ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, na waliokosa viti waling'ang'ania madirishani. Kila mtu alitaka bukta nyekundu, hata mwalimu mkuu na kitambi chake.

Kisha Kimbunga akaumia jicho, daktari akampiga marufuku kupanda ulingoni. Jumamosi iliyofuata ukumbi ulikuwa mweupe. Wifi alihesabu vichwa: ishirini na kimoja, pamoja na muuza maji.

Fundi mwenyewe alikwenda kwa wasiwasi tu. Alikuwa amemshonea bukta binti mmoja mwoka mikate aliyepigana siku hiyo, ikampwaya kidogo, akaogopa isije ikamwaibisha hadharani.

"Raundi hii ikiisha tunaondoka," alimnong'oneza wifi.

Binti alikuwa mfupi. Mpinzani wake alimzidi kichwa kizima. Raundi ya kwanza alikula ngumi za kutosha. Ya pili akaanguka. Akainuka, akaipandisha bukta kwa glovu, akacheka, kisha akapenya chini ya mikono ya yule mrefu na kumshindilia mbavuni. Fundi alijikuta amesimama juu ya benchi.

"Mbavu, mwanangu! Mbavu! Usimwache apumue!"

"Si tulikuwa tunaondoka?" wifi akauliza.

"Nani kasema? Kaa chini!"

Binti alishindwa kwa pointi moja, na Fundi akalia machozi ya kweli.

Jumatatu, kila mteja aliyekuja kupimwa alipewa pambano zima, raundi kwa raundi, Fundi akirusha ngumi hewani. Bwana harusi mmoja alichomwa pini mara mbili. Wengine walimcheka. Wachache wakaenda kujionea, nao wakawaleta wenzao. Wifi akahesabu thelathini na wanane, halafu hamsini na watano. Hazikuwa enzi za Kimbunga, lakini kelele zilianza kusikika tena hadi barabarani.

Pambano la nne binti akashinda. Aliposhuka ulingoni alimwendea Fundi moja kwa moja, jasho likimtiririka.

"Mama Fundi, nakuheshimu sana. Lakini ukipiga kelele za mbavu, mpinzani wangu naye anasikia. Anaziba!"

Fundi akashika mdomo. Wifi alicheka mpaka akashindwa kusimama.

Siku hizi Fundi hupaza sauti, "Kichwa! Kichwa!" na binti hupiga mbavu.