Waya wa Spika

Mimi simpendi mtu anayenitazama mikono. Na nilipokuwa fundi redio sokoni Mwanga, kila mteja alinitazama mikono. Samaki mmoja akioza huoza wote, na kweli walikuwapo mafundi waliong'oa spika nzima wakapachika mbovu. Basi watu nao wakaja na ujanja wao. Wengine waliipaka spika rangi ya kucha ili waitambue. Wengine walikata kitu makusudi, kisha wakakaa kimya kusikiliza fundi atataja ugonjwa gani.

Kwa hiyo wanawake wawili, wakimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa, waliponiletea redio kaseti iliyokuwa haitoi sauti, nami niliwatazama wao mikono. Mmoja alikuwa bibi, mwingine mkwe wake. Bibi aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho. Mkwe ndiye aliyezungumza. Mume wake alipotea siku waliyokimbia vita, na kila jioni redio ilisoma majina ya watu wanaowatafuta ndugu zao. Kama yu hai, alisema, jina lake litasomwa.

"Lakini haibaki hapa, fundi. Fungua tukiona."

Nikafungua skrubu, nikainua kava. Vumbi, mende mmoja mkavu, na waya wa spika umekatwa. Haukukatika wenyewe. Ulikatwa kwa wembe, safi kabisa. Damu ikanipanda. Mtego, tena mtego wa kitoto!

"Mama, mnanijaribu? Nani kakata huu waya?"

"Nikate redio yangu mwenyewe?" mkwe akaruka. "Si wewe hapo, na vyuma vyako?"

Tungefika mbali, maana wote wawili tulikuwa tumeshasimama.

"Ni mimi," akasema bibi.

Mkwe akamgeukia. Bibi alikuwa bado anatazama chini.

"Kila siku wanasomaka majina. Ya mutoto wangu hapana. Redio ikikufa, ninaweza kusema pengine leo wamemutaja, ni sisi tu hatukusikia."

Hasira yote ikaniisha, nikaona huruma, na sikujua nimhurumie nani kati yao. Mkwe akakaa kwenye benchi, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Unganisha, fundi," akasema.

Ilikuwa kazi ndogo sana. Nikazishika ncha mbili za waya. Bibi akainua macho, akanitazama mikono, nami nikatamani mikono hiyo isingejua kazi.